Kisanduku cha shule Idjwi kinapotea kila saa sita mchana. Ni nini hii?

#1 Mwana_Birere (Goma)
Jambo yenu wote. Nina swali, na sitaki jibu la "nunua kingine".

Mwezi wa tatu nilipeleka kisanduku kwenye sekondari moja kisiwani Idjwi, upande wa kilima ambako rezo unaipata ukipanda juu ya mparachichi, na hata hapo mara nyingi simu inakukaribisha Rwanda. Ndani kuna Raspberry Pi 4 (ordinateri ndogo sana), kadi ya GB 128, Wikipedia ya Kifaransa kupitia Kiwix (programu ya kuisoma bila intaneti) pamoja na picha zake (hiyo peke yake inakula zaidi ya GB 30), Wikipedia ya Kiswahili, na Kolibri, programu yenye masomo ya hesabu na fizikia. Intaneti hakuna. Kisanduku kinatoa Wi-Fi yake, tablete 20 na simu za walimu zinajiunga, watoto wanasoma. Umeme unatoka kwenye pano ya wati 100 na batri ya risasi ya volti 12, Ah 100, halafu kale kakichwa ka USB ka gari kanakotoa volti 5.

Asubuhi mambo yote sawa. Ikikaribia saa sita, tablete zinaanza kukipoteza, moja baada ya nyingine. Mwalimu anasema taa inawaka muda wote. Saa nane, saa tisa, Wi-Fi inarudi yenyewe bila mtu kugusa kitu.

Kuna na la pili. Kolibri inaandika kwamba watoto walifanya mazoezi saa nane usiku. Prefe, mkuu wa shule, ameniuliza kama nimewaletea mashine au bulozi (uchawi).

#2 Fundi_Kadutu (Bukavu)
Ni kuran (umeme). Hata sikumaliza kusoma.

Batri ya risasi ya Ah 100 usiihesabu yote. Ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo una Wh (wati-saa) 600 za kutumia, siyo 1200. Ila Pi yako inakula wati 5 hivi, hata ikiwaka usiku na mchana ni Wh 120. Pano ya wati 100 inakurudishia hizo kabla ya saa tano asubuhi. Basi kuna mwingine anakula kwenye hiyo sahani. Nani anachajia simu pale shuleni?

#3 Mwana_Birere
Hakuna. Prefe peke yake.

#4 Fundi_Kadutu
Prefe ana simu ngapi? 😄

#5 Mzee_wa_Kenya (Lubumbashi)
Ya kuran namwachia Fundi, mimi nijibu la bulozi.

Pi 4 haina saa yake. Ordinateri ya kawaida ina kibatri kile cha duara kinachoshika saa hata ikiwa imezimwa. Pi inategemea kuuliza saa kwenye intaneti. (Pi 5 ya mwaka 2023 ndiyo waliiwekea saa, na hata hapo kibatri unajinunulia.) Pasipo intaneti, kila ikiwashwa inaendelea kuanzia saa iliyoandika mara ya mwisho. Mwalimu anazima alasiri saa kumi, anawasha asubuhi saa mbili. Kisanduku hakijui kama usiku ulipita hapo katikati. Kikiwaka masaa manane kwa siku, siku tatu zenu za shule kwake ni siku moja. Lazima kuna asubuhi itakayoangukia usiku wa manane.

Tafuta kimoduli kinachoitwa DS3231, ni cha dola chache, kina kibatri chake, kinachomekwa juu ya pini. Na uangalie eneo la saa. Wengi wanachagua Kinshasa kwa sababu ndiyo kapitali. Kinshasa iko saa moja nyuma yenu. Lenu linaitwa Africa/Lubumbashi. Ndiyo, watu wa Goma, saa yenu ina jina la mji wetu.

#6 Pwani_Tanga
Mzee, uko Kenya sehemu gani? Mbona Nairobi iko saa moja mbele ya hiyo yenu?

#7 Mzee_wa_Kenya
Kenya ni komini ya Lubumbashi, kijana. Kila uzi lazima mtu mmoja aulize.

#8 Salama_Himbi (Goma)
Mimi kuran siiamini. Kuran ikipungua Pi inazima na kuwaka upya. Haikai masaa mawili imejificha halafu irudi na adabu zake.

Angalieni upande wa simu. Android ikijiunga na Wi-Fi yoyote inapiga hodi kimyakimya kwenye ukurasa mmoja wa Google. Ikiitikiwa, inatulia. Isipoitikiwa, inaandika kwamba Wi-Fi hii haina intaneti na kukuuliza kama unataka kubaki. Mtoto akibonyeza vibaya, au asipobonyeza, inatoka. Ndiyo maana nasema hizi simu zilizaliwa mjini: haziamini kwamba Wi-Fi inaweza kuwa na faida pasipo intaneti nyuma yake. Kwetu hapa tulifundisha kisanduku kiitikie hodi chenyewe. Hodi inataka jibu tupu lenye namba 204, basi. Tangu siku hiyo amani.

#9 Mwana_Birere
Dada Salama, hiyo 204 niliiweka tangu mwanzo. Na tablete hazina laini. Zinatoka kwenda wapi?

#10 Salama_Himbi
Ah. Sawa.

Basi niambie: darasa la mchana linaingia saa ngapi? Na kisanduku kinagawa anwani ngapi za IP, zile namba ambazo kila simu inapewa ikijiunga? Kama uliweka anwani 30 na kila moja inashikwa siku nzima, wa asubuhi wanaondoka nazo, wa mchana wanakuta mlango umefungwa. Tena simu za siku hizi zinabadilisha anwani yao ya MAC (namba inayoitambulisha simu kwenye Wi-Fi) ovyo ovyo, moja inahesabiwa kama tano.

#11 Pwani_Tanga
Hapo kwenye MAC narekebisha kidogo. Tangu Android 10 simu inajitungia MAC ya bandia, kweli, lakini kwa Wi-Fi ileile inabaki na ileile. Haihesabiwi tano.

#12 Salama_Himbi
Nakubali. Lakini suala la anwani kwisha bado liko. Na saa yenyewe ikiwa imelewa kama alivyoeleza Mzee, mimi siapi kwamba inajua siku nzima ni muda gani.

#13 Mzee_wa_Kenya
Saa ikichelewa inachelewa kwa wote, inajipimia kwa fimbo yake mwenyewe. Tena ikizimwa na kuwashwa kila siku… hapana, ngoja nifikirie. Kama kumbukumbu ya anwani imeandikwa kwenye kadi na usiku hauhesabiwi, anwani ya jana inaweza kuwa hai mpaka keshokutwa. Salama, pengine una neno.

#14 Dada_Bagira (Bukavu)
Habari zenu. Mimi hiyo Pi siijui, msinicheke, ila habari ya saa imenigusa.

Ni muuguzi, nazungukia vituo vya afya vya milimani Kalehe. Fomu tunajaza kwenye KoboCollect. Kujaza hakutaki rezo, inajiwekea, ukishuka Minova simu inashika rezo na fomu zinaondoka. Safari moja batri yangu ilivimba, tituleri mmoja, mkuu wa kituo, akaniazima ya kwake ya zamani. Nilipoichomeka simu iliwaka na tarehe ya miaka tisa nyuma, mimi sikuangalia. Nilipima watoto siku mbili nzima. Kutuma tu, ofisi inapiga: "Mama, hawa watoto uliwapima kabla hawajazaliwa?"

Sasa asubuhi tarehe naiandika kwanza kwenye kaye (daftari) kwa biki, halafu naangalia simu inasema nini. Wakigombana, naamini kaye.

Swali langu: fomu inadai GPS. Mjini inakuja mara moja. Kule juu nasimama uani mkono juu kama mtu anayeomba mvua, dakika kumi, kumi na tano. Wenzangu wanasema ni kwa sababu sina mega za intaneti.

#15 Katuba_Boy (Lubumbashi)
GPS inakula mega ndiyo mama, bila mega haitembei.

#16 Mzee_wa_Kenya
Katuba, acha kumpoteza mama wa watu.

GPS haitaki mega hata moja. Simu inasikiliza satelaiti, haiziandikii. Shida ni kwamba ili ijue iko wapi lazima kwanza ijue satelaiti ziko wapi, na habari hiyo inatoka kwenye satelaiti zenyewe pole sana: habari ya satelaiti moja inahitaji sekunde 30 za kusikia bila kukatizwa, na orodha nzima ya zote ni dakika 12 na nusu. Ukiwa mjini simu inaichukua hiyo orodha kwenye intaneti kwa sekunde chache, ndiyo unadhani ni mega zinaleta GPS. Kwa hiyo mama, simama mahali pa wazi, mbali na ukuta na mibuyu—

Samahani, Kalehe hakuna mibuyu. Mbali na migomba. Simu iache itulie juu ya kiti, usitembee nayo. Na kabla ya kupanda mlima, ukiwa bado na rezo, fungua ramani mara moja ishike mahali. Inakusaidia masaa machache yanayofuata.

#17 Dada_Bagira
Aksanti Mzee. Kiti nitatafuta.

#18 Katuba_Boy
Bandugu, mi mnaniona mjinga lakini niko na IA ndani ya simu, bila rezo. Simu ya RAM GB 4. Modeli ni ndogo, bilioni moja ya vigezo (namba za ndani yake), imebanwa biti 4, ni kama nusu GB ya faili. Nazima data, nauliza, inajibu. Kwa nini shule isiweke hiyo pahali pa Wikipedia?

#19 Pwani_Tanga
Akili mnemba, ndugu yangu. IA ni nini?

#20 Katuba_Boy
Iite unavyotaka, inajibu.

#21 Salama_Himbi
Inajibu nini kwa Kiswahili?

#22 Katuba_Boy
…Nilikuwa ninaiuliza kwa Kifaransa. Ngoja.

Nimeuliza sombe, majani ya muhogo, inapikwa vipi. Imesema sombe ni samaki wa ziwa, mtoe magamba kwanza.

#23 Dada_Bagira
😂😂😂 Magamba ya sombe! Mwambie atwange kwanza hayo magamba.

#24 Salama_Himbi
Na hapo umeuliza chakula tu. Uliza dozi ya dawa uone. Modeli kubwa zaidi, za bilioni saba, zikibanwa vilevile zinataka GB 3 na nusu za kumbukumbu kabla hata hujafungua kitu kingine, simu yako ya GB 4 itaganda kama ugali wa jana. Tena Kiswahili zinachojua kidogo ni cha pwani. Kwenye orodha za lugha za dunia chetu kina alama yake, swc, na cha wenzetu ni swh, lakini maandishi ya swc ni machache mno, zitajifunza wapi? Kitabu ambacho hakijui kinanyamaza. Hii haijui na bado inakufundisha kupika.

#25 Pwani_Tanga
Hata hicho cha pwani, mwenzangu, inakijua kwa kukisikia dirishani.

#26 Kamanyola88
Mnajisumbua bure. Starlink, ile intaneti ya satelaiti, imeshapata ruhusa Kongo tangu mwezi wa tano 2025. Wekeni sahani, mambo kwisha, hakuna kisanduku.

#27 Fundi_Kadutu
Nani analipa kila mwezi, wewe?

Na tufanye hesabu. Ile ndogo, Mini, inavuta wati 25 mpaka 40. Iwashe masaa manane ya shule tu: Wh 200 mpaka 320. Hiyo ni theluthi mpaka zaidi kidogo ya nusu ya zile Wh 600 za Birere kabla hujawasha tablete moja. Kisanduku kwa masaa hayohayo ni Wh 40. Na mvua ya Kivu ikikaa siku tatu, pano inaleta nini? Mimi sikatai Starlink, kwa kituo cha afya inaweza kuwa na maana. Lakini mtoto anayesoma pembe tatu hahitaji satelaiti.

Ningemshauri Birere aache batri ya risasi, anunue ya lithiamu, ile ya LFP. Hiyo unaishusha karibu yote bila kuiumiza.

#28 Katuba_Boy
Batri za lithiamu ni kobalti yetu. Mtulipe kwanza.

#29 Fundi_Kadutu
LFP haina kobalti hata chembe. Ni chuma na fosfati. Kaeni na kobalti yenu huko Katanga 😄

#30 Katuba_Boy
Basi simu yako irudishe.

#31 Mzee_wa_Kenya
Na ninyi wa Kivu koltani yenu iko kwenye simu hiyohiyo, lakini rezo mnapandia mti. Turudi Idjwi. Birere amepotea wapi?

#32 Kamanyola88
Idjwi si ndiko waliwahi kuweka mtandao wa jamii, Pamoja Net? Wanafunzi wajiunge na huo.

#33 Salama_Himbi
Huo ulikuwa na mahali pake. Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, usidhani Wi-Fi ya kijiji kimoja inavuka vilima vyote.

#34 Mwana_Birere
Nipo. Nilikwenda mwenyewe, nimerudi jana jioni na boti, mananasi yamenivunja bega. Nisikilizeni vizuri, maana wote mmepata na wote mmekosa.

Kwanza taa. Kisanduku nilikifungia ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, vumbi lisiingie. Taa ambayo mwalimu anaiona "inawaka muda wote" siyo ya Pi. Ni taa ya buluu ya kale kakichwa ka USB! Taa ya Pi yenyewe, ile nyekundu inayozima volti zikishuka chini ya 4.63, hakuna aliyewahi kuiona tangu mwezi wa tatu. Hata mimi niliyeifunga.

Pili, Fundi, cheka sasa. Sentinele (mlinzi) wa shule ana konvertiseri, ile inayogeuza umeme wa batri uwe wa nyumbani, na miltiprizi. Watu wakiteremka kutoka shambani saa tano na nusu, wanampa simu, franka 500 kwa kila moja. Niliyakuta mambo hayo kwa macho: simu kumi na nne na redio mbili kwenye batri yangu. Prefe anajua. Nadhani siyo kujua tu.

#35 Fundi_Kadutu
Nilisema #2. Fungeni uzi.

#36 Mwana_Birere
Usifunge. Mwalimu wa fizikia, huyo Mungu amlinde, aliandika kaye. Kila siku, saa na dakika. Kuna Alhamisi na Ijumaa ambazo sentinele alikuwa kwenye kilio upande wa kusini ya kisiwa, na konvertiseri ikabaki imefungiwa chumbani mwake. Hakuna simu iliyochajiwa. Kaye inasema: "Alhamisi 11h50, imepotea. Ijumaa 12h05, imepotea."

Nilipokuwa pale Wi-Fi ilipotea saa sita na dakika tano. Nilichomeka kebo moja kwa moja kwenye Pi. Haikuzima! Ilikuwa hai, joto digrii 78, na nilipoiuliza kama iliwahi kunyimwa nguvu ilijibu 0x50000.

#37 Mzee_wa_Kenya
Hiyo namba inamaanisha mambo mawili yalishatokea tangu ilipowashwa: volti ilishuka, na ilipunguzwa mwendo. Ila haisemi saa ngapi. Inaweza kuwa dakika ile, inaweza kuwa saa mbili asubuhi.

#38 Pwani_Tanga
Digrii 78 ndani ya bakuli lililofungwa, chini ya mabati, saa sita mchana. Mimi naona jibu liko hapo. Jua.

#39 Fundi_Kadutu
Pi inaanza kujipunguza kwenye 80. Na kujipunguza ni kwenda pole, siyo kuficha Wi-Fi. Konvertiseri ilishaiharibu batri miezi yote hiyo, ndiyo maana hata sentinele asipokuwepo volti zinashuka. Mgonjwa haponi siku ambayo mchawi amesafiri.

#40 Salama_Himbi
Kama batri imekufa, kwa nini inashindwa saa sita, wakati pano ndiyo inaleta nguvu zaidi, na asubuhi inaweza? Birere, hukujibu swali langu la #10.

#41 Mwana_Birere
Kweli. Darasa la mchana linaingia saa tano na dakika arobaini. Na anwani… niliweka 25. Za masaa 24. Usiniambie kitu.

#42 Salama_Himbi
Sisemi kitu.

#43 Mwana_Birere
Lakini Dada, anwani zikiisha, wapya ndio wanakosa. Hapa na waliokuwa ndani wanatolewa. Na saa tisa inarudi, wakati anwani ni zilezile.

#44 Pwani_Tanga
Wi-Fi ya ndani ya Pi haikutengenezwa kubeba darasa zima. Ikizidiwa inaweza kuwaangusha hata waliotangulia. Saa tisa watoto wanaanza kuondoka, inapata pumzi. Nunua ruta ndogo ya nje, Pi ibaki na kazi ya vitabu tu.

#45 Dada_Bagira
Naomba niulize kama muuguzi. Kwenye hiyo kaye kuna siku ambayo haikupotea kabisa?

#46 Mwana_Birere
Swali zuri. Ngoja niangalie picha nilizopiga.

Jumatano. Jumatano zote saba hakuna hata mstari mmoja.

#47 Mzee_wa_Kenya
Jumatano kuna nini?

#48 Mwana_Birere
Soko. Nusu ya watoto hawaji.

#49 Salama_Himbi
Watoto wachache. Asanteni.

#50 Fundi_Kadutu
Siku ya soko sentinele anakwenda kuchajia wapi, shuleni au sokoni? Kama anabeba konvertiseri yake sokoni na batri nyingine, Jumatano ni yangu.

#51 Pwani_Tanga
Na mlango wa darasa Jumatano? Watoto wachache, dirisha wazi, hewa inapita?

#52 Dada_Bagira
Mwulizeni mwalimu basi, si yuko?

#53 Mwana_Birere
Nimemtumia ujumbe. Atausoma akipanda mparachichi.